Lumumba hakuwa na diplome ya universite

Wandugu wanafunzi, wengi kati yetu tunaogopa: bila feza ya universite, tutakuwa nani? Tutazame Patrice Lumumba. Alizaliwa mwaka 1925 kule Onalua, katika Sankuru, akasoma kwa misioni ya Wakatolika, kisha kwa Wametodiste wa Wembo-Nyama. Universite hakuingia. Alikuwa karani wa posta kule Stanleyville, Kisangani ya leo. Kazi ilimufundisha, na vitabu alisoma yeye mwenyewe. Juni 1960 akakuwa Waziri wa Kwanza. Aliuawa huku Katanga tarehe 17 Januari 1961.

Lakini tusizarau diplome. Mwaka ule 1960, bila kuhesabu mapadri, Wakongomani wenye kumaliza universite hawakufika 30, na inchi nzima iliumia. Basi, mwenye kukosa universite asiache kusoma.