Daktari Schüßler na Chumvi Kumi na Mbili

Mfugaji wa Ndama, Karagwe, ajua kwamba ng'ombe akikosa chumvi hudhoofika. Mjerumani Wilhelm Heinrich Schüßler, aliyezaliwa mwaka 1821, alikuwa na fikra kama hiyo juu ya wanadamu. Akiwa daktari mjini Oldenburg, alishikilia kwamba maradhi hutokana na upungufu wa chumvi za madini mwilini. Mwaka 1874 alitoa kitabu kidogo, akaziacha dawa nyingi za homeopathi na kubakiza chumvi 12 tu, kila moja kwa kiasi kidogo mno, ikisagwa pamoja na sukari ya maziwa. Alifariki mwaka 1898.

Uchunguzi haukuthibitisha kwamba chumvi hizo huponya. Basi, ndugu msomaji, tuiheshimu bidii yake, lakini mgonjwa mahututi tusicheleweshe kumpeleka hospitali. Uhai ni amana ya Mwenyezi Mungu.