Döderlein na Bakteria Walinzi

Albert Döderlein alizaliwa Augsburg, Ujerumani, mwaka 1860. Akawa daktari wa wanawake, enzi ambayo homa ya uzazi iliua akina mama wengi baada ya kujifungua. Wenzake wengi walikuwa wanasaka bakteria wabaya. Yeye, mwaka 1892, akaeleza wazuri: wanaishi ukeni, wanatengeneza asidi ya laktiki, ileile ya maziwa mgando, na vijidudu vingi vya maradhi haviiwezi. Alifariki 1941, VVU havijajulikana bado. Leo tunajua kwamba mwanamke akipungukiwa na bakteria hao, anakuwa hatarini zaidi kupata VVU na HPV. Halafu utasikia hosteli mtu anajiosha mpaka ndani kwa sabuni, eti usafi! Anawafukuza walinzi wake mwenyewe.