Tukishapanda Miti, Halafu?

Mvua ya masika ikianza, makanisa mengi hapa mjini hutoka kupanda miti. Tunapiga picha, tunakunywa soda, tunaenda nyumbani. Wiki hii nataka tuangalie maisha ya mtu aliyejua kwamba kazi yenyewe huanza baada ya hapo.

Anaitwa Richard St. Barbe Baker. Alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1889 huko Hampshire, Uingereza, na kwa sababu baba yake alikuwa na kitalu, alikulia katikati ya miche. Akiwa kijana alivuka bahari hadi Kanada, akasoma katika Chuo Kikuu cha Saskatchewan, mjini Saskatoon. Kule ni nyika tambarare. Wakulima walikuwa wameondoa miti na vichaka ili walime ngano, na upepo ukawa unabeba udongo. Somo hilo hakulisahau. Alirudi Uingereza kusomea theolojia Cambridge, lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vikamkatiza. Alipigana Ufaransa, akajeruhiwa. Vita vilipoisha alirudi Cambridge, safari hii akasomea misitu.

Mwaka 1920 alifika hapa Kenya kama afisa wa misitu wa serikali ya kikoloni. Alipowashauri watu wa Kikuyu wapande miti, walimweleza kwamba hiyo ni shauri ya Mungu. Mimi nikifika hapo hucheka kidogo, maana hata leo si ndivyo tunavyosema? Na hawakukosea kabisa. Zamani mtu akikata mti, mingine mikubwa ilibaki ikiangusha mbegu. Lakini ikikatwa yote, mbegu itatoka wapi?

Baker hakuwatisha. Aliona kwamba watu wale walikuwa na ngoma zao za kupanda na za kuvuna, akapendekeza iwepo ngoma ya miti. Akishirikiana na Chifu Josiah Njonjo, ngoma hiyo ilichezwa tarehe 22 Julai 1922 huko Muguga. Vijana wakaja kwa maelfu. Wakachaguliwa 50 wa kwanza, wakaitwa Watu wa Miti. Waliahidi mambo matatu: kulinda msitu wa asili, kupanda miti 10 kila mwaka, na kutunza miti popote ilipo.

Mimi nilisomea biashara kabla ya kuingia kwenye huduma, kwa hivyo jicho langu hukimbilia hesabu. Hebu hesabu nawe. Kati ya ahadi tatu, ya kupanda ni moja tu. Mbili zilizobaki ni za kulinda na kutunza.

Na kulinda kuna gharama. Siku moja afisa mwenzake wa kikoloni alitaka kumpiga Mwafrika. Baker alijiweka katikati, pigo likampata yeye, na jambo hilo likamharibia kazi Kenya. Akaenda kufanya kazi Nigeria, kisha akazunguka nchi nyingi akitetea misitu, kuanzia miti mikubwa ya California hadi kingo za jangwa la Sahara. Chama kilichoanzia Muguga kikaenea ng'ambo. Baadaye aliifuata imani ya Kibaha'i, kwa hivyo simleti hapa kama mhubiri wetu. Namleta kama mtunzaji.

Sasa turudi Saskatoon. Mwaka 1972 mji ule ulipanda msitu pembezoni mwake, na eneo la zaidi ya ekari 300 likapewa jina la Baker. Yeye mwenyewe alikufa mji huo huo tarehe 9 Juni 1982, akiwa na miaka 92, siku chache tu baada ya kupanda mti wake wa mwisho.

Lakini, wapendwa, jina kubwa halikuulinda msitu ule. Kwa miaka mingi watu waliutupia taka, na magari yakaingia humo yanavyotaka. Waliouokoa ni wakazi wa kawaida. Walijitolea kuzoa takataka, wakasimamia njia za magari zizibwe, wakaanza kuwatembeza majirani humo ili waupende.

Paulo aliwakumbusha Wakorintho wa sura ya tatu kwamba kuna apandaye na kuna amwagiliaye, na ukuaji ni wa Mungu. Wale wa Kikuyu walishika sehemu ya mwisho. Sisi wa siku hizi tumeshika ya kwanza. Yule wa katikati, mwenye ndoo ya maji, ndiye hatumwoni.

Jumapili ijayo washirika tutapitisha bajeti ya miti tutakayopanda kando ya mto, karibu na kanisa. Nimeisoma. Ina miche, ina lori, ina fulana. Maji ya wakati wa kiangazi, ua wa kuzuia mbuzi na mtu wa kuangalia havina hata shilingi. Pendekezo langu ni hili: tupunguze miche iwe nusu, na pesa zitakazobaki ziende kwa maji na ulinzi. Mche uliokauka ni hasara hata kama tuliununua kwa bei ya jumla. Kisha kila ushirika wa nyumbani upewe miti yake, na majina yaandikwe.

Kama una mtungi na dakika kumi kila Jumamosi, tayari una huduma. Njoo ujiandikishe. Mungu awabariki.