Bwana Charles Bonnet na Njia ya Sisimizi

Mwaka jana wakati wa likizo niliona sisimizi wakipanda mchungwa mchanga wa babu. Walikuwa wakiwaendea vidukari, maana hunywa maji matamu yatokayo kwao na kuwalinda, na vidukari nao hufyonza majani mpaka yakajikunja. Kwa haraka yangu nikamwaga maji ya moto shinani. Sisimizi walirudi, mchungwa ukakauka. Babu hakunigombeza, aliniuliza tu kama nilijua wanakotoka. Sikujua. Ndipo nikasoma habari za mtu aliyejua kuwatazama.

Charles Bonnet alizaliwa Geneva tarehe 13 Machi, 1720. Utotoni masikio yake yalikuwa mazito, na shuleni wenzake walimcheka. Basi akafundishwa nyumbani. Alisomea sheria, lakini moyo wake ulikuwa kwa wadudu. Mwaka 1740 alimtenga kidukari mmoja tangu kuzaliwa, akamtazama kila siku toka alfajiri mpaka usiku. Kidukari yule alizaa watoto 95 pasipo dume. Wataalamu wa Paris walistaajabu. Lakini kutazama vitu vidogo mno kulimharibu macho angali kijana.

Tena aliwaona sisimizi wakifuatana ukutani kwa mstari mmoja. Akapitisha kidole kukata njia yao. Wakasimama, wakahangaika, wengine wakarudi nyuma, mpaka baadhi wakathubutu kuvuka. Hivyo akafahamu kwamba njia yao ni harufu waiachayo wenyewe. Bonnet alifariki tarehe 20 Mei, 1793.

Mwaka 1971 wataalamu wa Marekani waliitambua kemikali ya njia ya sisimizi wakata-majani wa Texas. Walikadiria kwamba thuluthi moja ya miligramu ingetosha kuchora njia ya kuizunguka dunia. Baadaye harufu ya sisimizi wa Argentina, waharibifu wa mashamba ya mizabibu, ilitengenezwa na watu. Ikitawanywa kwa wingi, sisimizi hupotea njia wasiifikie mimea. Ikichanganywa na sumu huwavuta, na sumu kidogo hufanya kazi kubwa. Lakini harufu hutoweka upesi na shimo lao hubaki, kwa hiyo kazi hurudiwa.

Sisi hatuna dawa hiyo nyumbani, lakini kidole tunacho. Likizo iliyopita niliukata msafara kwenye mchungwa wa pili, nao wakasimama kama wale wa Bonnet. Kisha nikaufuata mstari mpaka chini ya jiwe karibu na jiko, nikamwonyesha babu. Tulifunga shina kwa kitambaa kilichopakwa grisi, tukakata matawi yaliyogusa ua, nami nikavifuta vidukari kwa maji ya sabuni. Mchungwa ule umechipua.

Ndugu zangu, Bwana Bonnet hakuwa na masikio mazuri, wala macho yake hayakudumu. Alikuwa na subira. Tuitafute hiyo kwanza, kabla ya kubandika maji jikoni.