Monsinyori Victor Roelens na Mwanafunzi Wake

Victor Roelens alizaliwa Ardooie, katika nchi ya Ubelgiji, tarehe 21 Julai 1858. Aliingia shirika la Mapadre Weupe, lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie, akapata upadre mwaka 1884. Miaka michache baadaye alitumwa ng'ambo ya magharibi ya ziwa Tanganyika, akaikuta nchi yenye majonzi. Wawinda watumwa walikuwa wakichoma vijiji vya Marungu, na Kapteni Joubert, pamoja na askari wake wachache, aliwakinga wale waliokimbilia kwake. Wakristu wengi wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, wasiojua tena baba zao ni akina nani.

Mwaka 1893 misioni ya Baudouinville ilianzishwa huko Kirungu, karibu na Moba. Mwaka 1895 Padre Roelens akachaguliwa kuwa Vikari wa Kitume wa Kongo ya Juu, na mwaka uliofuata akawekwa wakfu kuwa askofu. Vikariati yake ilikuwa kubwa mno. Hata Goma na nchi za Kivu zilihesabiwa ndani yake, mpaka Kivu ilipotengwa mwaka 1929. Nao wamisionari walikuwa wachache, na homa haikuwaacha wakae muda mrefu.

Askofu aliye katika hali hiyo hushawishika kufanya yote kwa mikono yake mwenyewe na kuandika Ulaya aletewe watu. Monsinyori Roelens aliandika, maana shida ilikuwa kweli. Lakini alifahamu kwamba Kanisa linalongoja meli siku zote halina mizizi. Basi akatunza sana shule ya makatekista huko Mpala, na ndani ya shule hiyo ikazaliwa seminari ndogo. Padre Auguste Huys, ambaye baadaye alikuwa askofu msaidizi wake, aliwafundisha vijana Kilatini, hesabu na mambo ya dini.

Mmoja wa vijana hao alikuwa Stefano Kaoze, mzaliwa wa Marungu, aliyeingia shule ya Mpala mwaka 1899, akiwa kijana mdogo. Alianza pamoja na wenzake. Masomo yalikuwa marefu na magumu, nao jamaa nyumbani hawakuelewa kwa nini kijana mwenye nguvu akatae kuoa. Mmoja mmoja wenzake wakatoka. Mwishowe akabaki Kaoze peke yake.

Hapo ndipo mlezi hujaribiwa. Kufunga seminari kungalikuwa jambo jepesi, na watu wengi, Wazungu kwa Waafrika, wangalisema kwamba imedhihirika haiwezekani. Waalimu wanaotakiwa vijijini walikuwa wakikaa darasani kwa ajili ya mwanafunzi mmoja tu! Tena mwanafunzi huyo angeweza kuugua, au kuchoka kama wenzake, na kazi ya miaka mingi ingepotea siku moja. Monsinyori hakufunga. Wala hakumpunguzia Kaoze masomo ili amalize upesi. Alitaka asome filosofia na teolojia kamili kama mseminari wa Ulaya. Watu wengine waliona huo ni ukali. Huenda ilikuwa heshima kubwa kuliko zote alizompa. Mwaka 1910, Kaoze akiwa bado mseminari, maandishi yake juu ya fikira za Wabantu yalianza kuchapwa katika gazeti moja la Ubelgiji.

Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, Stefano Kaoze alipata upadre. Ufalme wa kale wa Kongo ulikuwa na askofu wake, Henrique, tangu karne ya 16. Lakini katika nyakati hizi mpya Kaoze alikuwa padre wa kwanza Mkongomani. Monsinyori alitimiza siku hiyo miaka 59, na mwanafunzi alikuwa na miaka kama 31. Kumpata huyo mmoja kulikuwa kumechukua miaka 18.

Ukweli wote usemwe. Monsinyori Roelens alikuwa mtu mkali, mwenye kushika hatamu kwa nguvu, naye aliwaona Waafrika kama watoto wa kuongozwa, kama Wazungu wengi wa siku zake walivyofanya. Alipoacha uongozi mwaka 1941, askofu aliyemfuata alikuwa Mzungu tena. Alifundisha wengine kusimama, lakini hakuweza daima kuondoa mkono wake begani mwao.

Hata hivyo alichokianza kilimpita yeye mwenyewe. Padre Kaoze alisafiri Ulaya baada ya vita ya kwanza, akafika hata Roma. Aliporudi hakukaa kama kitu cha kuonyeshwa wageni. Alifundisha wengine, na baadaye misioni ya Kala ikawa mikononi mwake na mwa mapadre wenzake Waafrika. Vijana waliokuja baada yake hawakuingia seminari kwa kubahatisha kama yeye, maana walimwona altareni kwa macho yao.

Monsinyori Roelens alifariki mwaka 1947, baada ya kuishi zaidi ya miaka 50 katika nchi ile. Kaoze alimfuata mwaka 1951. Mwaka 1959 Goma ikawa jimbo, na askofu wake wa kwanza, Monsinyori Joseph Busimba, aliyechaguliwa mwaka 1960, alikuwa Mkongomani.