Alphonse Laveran, daktari aliyeviona vimelea vya malaria

Ukifika zahanati na homa, unachomwa kidole na tone la damu linapimwa. Wakati mwingine mtaalamu huliangalia kwa hadubini kutafuta vimelea vya malaria. Aliyeviona kwanza na kuvitambua ni Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, aliyezaliwa Paris mwaka 1845.

Enzi zake wengi waliamini kwamba malaria huletwa na hewa mbaya ya mabwawa. Mwaka 1878 alipelekwa Algeria, ambako homa hiyo iliwasumbua sana askari. Akawa anachunguza damu ya wagonjwa wake. Tarehe 6 Novemba 1880, katika hospitali ya jeshi mjini Constantine, aliona kwenye damu ya askari mmoja vijidudu vyenye nyuzi zinazochezacheza. Vilikuwa hai.

Wataalamu wengi hawakumwamini. Baadhi yao walishikilia kuwa malaria inatokana na bakteria. Mwaka 1882 Laveran alikwenda Roma, akavikuta vimelea vile vile katika damu ya wagonjwa wa huko. Polepole wapinzani wake wakakubali. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, alivikuta vimelea hivyo tumboni mwa mbu.

Laveran alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1907, akatoa nusu ya fedha zake kwa maabara ya magonjwa ya nchi za joto katika Taasisi ya Pasteur. Alifariki mwaka 1922.

Si kila homa ni malaria. Pima kwanza, ndipo umeze dawa.