Beethoven na Usiku wa Baridi

Wengi wetu tukilisikia jina la Beethoven huwa tunadhani ni mambo ya Wazungu na piano zao tu. Lakini maisha ya bwana huyu hayakuwa mchezo.

Ludwig van Beethoven alizaliwa mjini Bonn, Ujerumani, na kubatizwa tarehe 17 Desemba 1770. Babake alikuwa mwimbaji, tena mlevi, na alimfunza kinanda kwa ukali mno. Mwaka wa 1792 kijana alihamia Vienna, akasomeshwa na Haydn, na punde si punde mji mzima ukamjua kwa kupiga piano.

Kisha masikio yakaanza kuziba, hata hajatimiza miaka thelathini. Jamani, mwanamuziki asiyesikia! Mnamo 1802, akiwa kijijini Heiligenstadt, aliwaandikia nduguze barua akieleza jinsi alivyokata tamaa ya kuishi, na kwamba muziki ndio uliomzuia. Hakuituma. Ilipatikana baada ya kifo chake.

Sasa tuje kwenye usiku wenyewe. Tarehe 22 Desemba 1808 Beethoven aliandaa onyesho katika ukumbi wa Theater an der Wien ili ajipatie pesa. Kila kilichopigwa kilikuwa chake. Walianza saa kumi na mbili unusu jioni, wakamaliza saa nne unusu usiku, na humo ndani baridi ilikuwa kali ajabu. Mazoezi hayakutosha, na wapigaji wa okestra walikuwa wamekosana naye. Hata hivyo, usiku huo mmoja Simfoni ya Tano na ya Sita zilisikika hadharani kwa mara ya kwanza! Yeye mwenyewe alipiga piano pamoja na okestra ingawa masikio yalikuwa yakizidi kudhoofika.

Mwishoni aliweka utungo wa kuunganisha wote: piano, okestra na kwaya. Hapo ndipo mambo yakaenda mrama. Wapigaji wakapotezana. Wanamuziki wengi wakikosea huendelea tu kana kwamba hakuna kitu, lakini Beethoven aliwasimamisha mbele ya watu na kuwaamuru waanze upya. Mimi naona alifanya vyema, ingawa wapigaji waliona haya. Mwanamuziki Reichardt, aliyekuwa miongoni mwa wasikilizaji, aliandika baadaye kwamba hata kizuri kikizidi huchosha.

Wakati huo alikuwa ameitwa Kassel na mfalme Jérôme, nduguye Napoleon. Basi mwaka wa 1809 matajiri watatu wakaahidi kumpa florini 4,000 kila mwaka mradi asiondoke. Akabaki.

Simfoni ya Tisa ilipopigwa mara ya kwanza, tarehe 7 Mei 1824, alikuwa karibu kiziwi kabisa. Watu walishangilia naye amewapa mgongo, hana habari. Inasimuliwa kwamba mwimbaji Caroline Unger ndiye aliyemgeuza, akaona mikono ikipigwa na vitambaa vikipeperushwa.

Alifariki tarehe 26 Machi 1827, akiwa na umri wa miaka 56. Siku ya mazishi maelfu ya watu walijaa barabarani.